Kinachofukiwa Kwanza Hufikiriwa Mwisho

Ukitoka Gongo la Mboto kuelekea Chanika, maboma yanakupokea njia nzima. Moja limeishia kwenye lenta na mpapai umeota sebuleni. Jingine limepauliwa, bati zimeanza kupoteza rangi kabla dirisha la kwanza halijawekwa. Ndivyo wengi wanavyojenga Dar es Salaam, na ndivyo wanavyojenga Mwanza, Dodoma na Arusha: mshahara ukitoka, tofali; kikoba kikivunjwa, saruji; mavuno yakiuzwa, bati. Benki haimo, mhandisi hayumo. Mwenye nyumba ndiye msimamizi, mshika fedha, mnunuzi na pengine mlinzi.

Mtindo huu una akili yake, maana humwachia mtu nyumba isiyo na deni. Kuna mahali pamoja tu unapomgeuka, napo ni bafuni. Ukuta unaweza kusubiri plasta miaka mitatu. Madirisha yanaweza kuzibwa kwa tofali mpaka pesa ya aluminiamu ipatikane. Mabomba ya majitaka hayana subira hiyo, kwa sababu sehemu yake kubwa hulala chini ya jamvi, ile sakafu ya zege, na jamvi humwagwa mapema, wakati mwenye nyumba hajajua atanunua choo gani, shimo litachimbwa upande upi, wala tenki litakaa wapi.

Siku ya jamvi kila mtu kiwanjani ana haraka. Mashine ya kuchanganyia zege imekodiwa, vibarua wanahesabika, kokoto imeshamwagwa. Fundi bomba, kama aliitwa, hupewa asubuhi moja. Atalaza bomba la inchi nne, yaani milimita 110, kutoka kila choo hadi nje ya msingi, ataziba midomo yake kwa karatasi za mifuko ya saruji, ataondoka. Kuanzia jioni ile, kila kosa alilofanya limo ndani ya zege.

Kosa la kwanza huwa la mteremko. Kipimo kinachofuatwa sana kwa bomba la ukubwa huo ni 1 kwa 40: katika kila mita moja, bomba lishuke sentimeta 2.5. Choo kilichoko mita 8 kutoka kwenye chemba ya kwanza kinataka basi tofauti ya sentimeta 20 kati ya ncha mbili. Si kipimo cha kukadiria kwa jicho. Bomba likilazwa karibu na usawa, maji hupita na kinyesi hubaki, na baada ya miezi michache choo kinaanza kurudisha. Kosa la pili ni kona. Fundi mwenye elbo moja ya nyuzi 90 mfukoni ataipiga chini ya jamvi na kazi itaonekana safi, ilhali elbo mbili za nyuzi 45 zingepitisha uchafu kwa ulaini zaidi na kuruhusu waya wa kuzibulia upenye. Tofauti ya bei ni ndogo mno, na mwenye nyumba hawezi kuijua bila kuuliza.

Kisha linakuja suala la choo chenyewe, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Vyoo vya kukaa vinavyopangwa mbele ya maduka ya Kariakoo, vingi vikiwa vimetoka China, hufanana kwa mbali, lakini vikigeuzwa hutofautiana. Chenye trapu ya S (trapu ni lile pindo la bomba linalobaki na maji) hutoa uchafu chini, sakafuni. Chenye trapu ya P hutoa kwa nyuma, ukutani. Hiki cha P kwa kawaida huwa na tundu ambalo katikati yake iko milimita 180 hivi juu ya sakafu. Cha S kina kipimo cha kutoka ukutani hadi katikati ya tundu la sakafuni, na mara nyingi ni milimita 300 au 400. Vipimo vyote hivyo huhesabiwa kutoka kwenye ukuta na sakafu vilivyokwisha kazi. Fundi aliyeweka bomba wakati wa jamvi alipima kutoka kwenye tofali tupu. Plasta ikija, ikafuata gundi na vigae, ukuta umesogea mbele sentimeta tatu au nne, na sakafu imepanda pia.

Miaka miwili baadaye mwenye nyumba anashuka kwenye bajaji na boksi lake. Choo hakikai. Ama kinabaki na pengo nyuma linalotosha kuficha ndala, ama tangi lake linagonga ukuta kabla tundu halijafika mahali pake. Fundi wa siku hiyo, ambaye si yule wa jamvi, ana njia mbili: kupasua zege, au kuunganisha kwa bomba la kukunjika na saruji nyeupe. Anachagua ya pili, kwa kuwa mwenye nyumba anataka kuhamia kabla ya Pasaka. Harufu itaanza Juni.

Dawa yake inachekesha lakini inafanya kazi: kinunuliwe choo kabla ya jamvi. Kikae kwenye nyumba ya kupanga, nyuma ya kochi, wageni wacheke wanavyotaka. Asiyeweza kukinunua mapema achague walau aina na apige picha ya kipimo kilichoandikwa kwenye boksi, fundi ajue anaweka bomba kwa ajili ya nini. Mjengaji anayeanza na shimo tupu sakafuni halafu akatafuta choo cha kulifaa hununua kile kinachopatikana, na kinachopatikana siku hiyo mara nyingi si kile alichokipenda.

Choo cha kuchuchumaa kina masharti yake. Sinki lake huzama chini ya sakafu pamoja na trapu, hivyo jamvi la mahali pale linatakiwa liachwe chini tangu mwanzo. Likisahaulika, suluhisho huwa kuinua sakafu ya choo kizima, na ndiyo maana katika nyumba nyingi mtu hupanda ngazi kuingia chooni kama anayepanda jukwaani. Mzee mwenye magoti mabovu ndiye anayelipia usahaulifu huo, kila usiku.

Kwa familia za Kiislamu kuna jambo jingine ambalo ramani zilizopakuliwa mtandaoni hazilijui. Wengi hawapendi choo kimweke mtu akikabili kibla au akikipa mgongo. Makka iko karibu moja kwa moja kaskazini mwa Dar es Salaam, kwa hiyo choo hutakiwa kielekee mashariki au magharibi. Kukigeuza kwenye karatasi ni kazi ya kifutio. Kukigeuza baada ya vigae ni kubomoa bafu.

Harufu ya bafuni, ambayo watu hulitupia shimo lawama yake, mara nyingi ina chanzo kidogo zaidi. Mwaka 1775 mtengeneza saa wa London, Alexander Cumming, alipewa hataza ya choo chenye bomba lililopindwa ili maji yabaki humo na kuziba njia ya hewa chafu. Wazo hilo halijapata mbadala wa maana mpaka leo: kimo cha sentimeta tano hivi cha maji yaliyotuama ndicho kinachotenganisha chumba cha kulala na shimo la majitaka. Maji hayo yakiondoka, harufu inaingia. Huondoka kwa njia mbili. Bafu la wageni lisipotumika wiki nyingi, hukauka, na dawa yake ni ndoo ya maji. Au bomba halina pa kuvutia hewa, na kila choo kinapopigwa maji, mvuto unanyonya yale ya sinki jirani. Ndiyo ile sauti ya kukoroma inayosikika kutoka kwenye tundu la sakafu. Bomba la hewa lililopandishwa hadi juu ya bati linamaliza tatizo hilo, na ndilo la kwanza kufutwa kwenye orodha ya manunuzi pesa zinapopungua. Mengine ni uzembe mtupu: tundu la sakafuni linalounganishwa moja kwa moja na bomba la chemba, bila trapu yoyote, likafunikwa kwa kifuniko kizuri cha chuma kinachong'aa.

Upande wa maji safi, Dar es Salaam huanza na Mto Ruvu. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayobeba mzigo mkubwa wa maji ya bomba ya jiji, na mto ukipungua, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2022, mgao unarudi. Hata katika miezi ya kawaida, maeneo ya pembezoni hupata maji kwa zamu na mara nyingi usiku. Kwa hiyo nyumba haiwezi kutegemea bomba la mtaani peke yake, inajengewa akiba. Watu wa pwani walishalijua hilo zamani. Katika nyumba za mawe za Lamu, bafu lilikuwa na birika la kuhifadhia maji, na humo walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Leo kazi hiyo inafanywa na tenki la plastiki, bila samaki.

Tenki lina mambo mawili ambayo hesabu ya shule ya msingi inayatosheleza. La kwanza ni uzito. Lita 1,000 za maji ni tani moja, basi tenki la lita 2,000 lililojaa ni tani mbili juu ya mnara ambao pengine ulijengwa kwa tofali zilizobaki na nondo za kuokoteza. La pili ni msukumo. Maji yanapata msukumo wa bar 1 kwa kila mita 10 za kimo. Mnara wa mita 3 na shawa iliyofungwa mita 2 kutoka sakafuni zinabakiza tofauti ya mita 1, ukiondoa kina cha maji ndani ya tenki, yaani bar 0.1 hivi. Kwa bomba la bustanini inatosha. Kwa ile shawa pana ya mvua iliyoonekana kwenye picha za hoteli, na kwa koki za kuchanganya moto na baridi, ambazo nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya miji yenye msukumo wa bar 1 na zaidi, haitoshi. Maji yatadondoka kama ya mfereji unaovuja. Wapo wanaonunua shawa mpya mara mbili, tatu, wakiamini ile ya kwanza ilikuwa feki.

Njia ni tatu. Kuinua mnara. Kutumia bomba pana, robo tatu badala ya nusu inchi, kwenye njia ndefu ili msukumo mdogo uliopo usiliwe na msuguano njiani. Au kufunga pampu ndogo ya kuongeza msukumo kati ya tenki na bafu, na kukubali kwamba umeme ukikatika, starehe nayo inakatika. Mwenye ghorofa hana uchaguzi mwingi: bafu la juu likiwa usawa mmoja na tenki, ni pampu tu. Jambo la kuepuka ni kufunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaani. Inawanyang'anya majirani maji, na palipo na ufa ardhini inanyonya uchafu wa mtaro uingie ndani ya bomba la maji ya kunywa.

Akiba hiyo nayo ina adui yake ndani ya nyumba. Familia ya watu sita, kila mmoja akipiga maji mara tano kwa siku, hupiga mara 30. Tangi la choo la zamani la lita 9 litakula lita 270. La lita 6 litakula 180. Tofauti ya lita 90 kwa siku ni lita 2,700 kwa mwezi, zaidi ya tenki zima la lita 2,000. Kwa nyumba inayonunua maji ya boza wakati wa mgao, hiyo ndiyo hesabu ya kufanya dukani, kabla ya kuvutiwa na umbo la choo.

Mabomba ya chuma yaliyokuwa yakisafirisha maji ndani ya nyumba za zamani yamepisha PPR, plastiki inayounganishwa kwa kuyeyushwa. Pasi yake hupashwa moto hadi nyuzi 260. Bomba la milimita 20 hushikiliwa humo sekunde 5 hivi, kisha huchomekwa mara moja bila kuzungushwa. Fundi anayeshikilia sekunde 15 "ili ishike vizuri" hutengeneza pete ya plastiki ndani ya bomba, na njia ya maji inabaki nusu. Kiungo hakivuji, kwa hiyo hakuna anayemlaumu. Shawa tu ndiyo haina nguvu, na lawama inarudi kwa mnara. PPR ina udhaifu mwingine: jua. Kipande kinachotoka kwenye tenki na kushuka ukutani bila kufunikwa huanza kukakamaa na kupasuka baada ya miaka kadhaa, na huwa ndicho kipande ambacho hakuna aliyewaza kukivalisha kitu.

Maji ya kisima yanaongeza shida ya chumvi. Visima vingi vya karibu na bahari, kuanzia Kigamboni hadi Mbezi Beach, hutoa maji yenye chumvi kiasi, na koki za bei nafuu zenye mng'aro wa juu juu tu huanza kutoa vidonda vya kijani mapema. Hilo ni suala la sura. Suala la uhai ni ile shawa ya umeme ya kuchemsha maji papo hapo, iliyoenea kutoka Brazil hadi kwenye nyumba zetu. Nyingi zina waya wa joto usio na gamba, unaogusana na maji, na maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko maji baridi ya kawaida. Watengenezaji wenyewe huuza aina maalumu kwa maji ya chumvi na kuonya dhidi ya kutumia ile ya kawaida. Shawa ya wati 5,500 kwa umeme wa volti 230 huvuta ampea 24 hivi. Inahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye swichi kuu, usiopungua milimita 4 za mraba, na waya wa ardhi uliofungwa kikweli. Waya wa ardhi uliokatwa kwa sababu "unasumbua" ni jambo ambalo fundi bomba na fundi umeme hupaswa kulizungumza pamoja, nao kwa kawaida hawakutani.

Halafu shimo.

Sehemu kubwa ya jiji haijaunganishwa na mtandao wa majitaka, kwa hiyo kila kiwanja kina mtambo wake mdogo chini ya ardhi. Ukijengwa inavyotakiwa, una sehemu mbili zenye kazi tofauti. Tangi la septiki halivuji. Humo uchafu mzito hutuama na vijidudu huula. Maji yaliyotulia hutoka kwenda shimo la pili, lenye kuta za tofali zilizoachiwa nafasi, yazame ardhini. Mjengaji anayebana matumizi huchimba moja tu na kuliacha livuje. Kwenye mchanga wa Mbagala linaweza kuonekana linafanya kazi miaka mingi. Msasani na Mikocheni, ambako maji ya ardhini yako karibu, masika yakianza shimo hujaa kutoka chini, hata kama nyumba nzima imesafiri. Hapo ndipo baadhi ya watu hutapisha choo: hutoboa shimo mvua ikinyesha usiku, uchafu uende na maji ya barabarani. Mlipuko wa kipindupindu wa 2015 ulianzia Dar es Salaam, na maji yaliyochanganyika na kinyesi ndiyo njia ambayo ugonjwa huo husafiri.

Umbali unaopendekezwa sana kati ya shimo na kisima cha maji ni mita 30. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20. Kutoka kona moja hadi kona ya mshazari ni mita 28 na ushei. Hata ukiweka kisima kona hii na shimo kona ile, hujafika, na bado hujamhesabu jirani ambaye shimo lake limegusa ukuta wako. Kwenye viwanja vya aina hiyo kisima kifupi cha maji ya kunywa ni ndoto, na ni heri kulijua hilo kabla ya kumlipa mchimbaji. Shimo nalo likae mahali ambapo mpira wa gari la kunyonya utalifikia. Wengi huliweka nyuma ya nyumba kwa aibu, kisha wanajenga uzio, na siku likijaa mpira unapitishwa sebuleni.

Vigae huja mwisho na ndivyo vinavyosifiwa. La kuangalia ni mawili tu: sakafu ishuke sentimeta moja au mbili kwa kila mita kuelekea kwenye tundu, na kizuia maji kipakwe chini ya vigae, kipande cha juu ukutani kikiwemo. Saruji kati ya vigae hupitisha maji. Rangi inayobanduka upande wa chumbani, nyuma ya shawa, inatoka huko.

Mafundi bomba wengi mtaani walijifunza kwa kumfuata fundi mkubwa, na kati yao wako hodari kuliko wenye vyeti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima na kuwatambua waliojifunzia kazini, hivyo mwenye nyumba ana haki ya kuuliza cheti bila kumvunjia mtu heshima. Hata hivyo kipimo kizuri zaidi kiko kiwanjani. Kabla ya plasta, mabomba ya maji safi yajazwe maji na kupandishwa msukumo kwa pampu ya mkono, mara moja na nusu ya ule yatakaoubeba, na mshale wa geji uangaliwe saa nzima usishuke. Mabomba ya majitaka yazibwe upande wa chini, yajazwe, yaachwe yakitazamwa. Fundi anayekataa jaribio hili anataka plasta ije haraka kwa sababu zake, na salio lake lisitolewe kabla hajalifanya.

Jambo la mwisho halina gharama. Siku mabomba yakiwa bado wazi ukutani, mwenye nyumba apige picha ya kila ukuta wa bafu na jikoni, futi ya kupimia ikiwa imenyooshwa ndani ya picha kutoka ukingo wa mlango, kisha azihifadhi mahali zaidi ya pamoja, maana simu huibwa. Mwaka ujao atakuja kijana na drili kufunga kioo au kishikio cha taulo, na atauliza bomba la maji moto limepita wapi.